Frasila ni Kilo Ngapi? Uliza Kwanza Maswali Haya

Frasila haipimwi tena sokoni kwetu, lakini haijatutoka. Iko kwenye hati za mashamba ya mikarafuu, kwenye wasia, kwenye daftari za deni zilizobaki makabatini, na kwenye kila kitabu cha safari za karne ya 19 kinachotaja pembe za ndovu, sandarusi au shanga. Mwanafunzi anayeandika tasnifu hukutana nayo, mfasiri pia, na hata ndugu wanaogombania shamba la babu. Wote huuliza jambo moja: hiyo ni kilo ngapi?

Jibu la haraka lipo na si baya. Frasila ya Unguja ni ratili 35, yaani kilo 15.9 hivi. Ukizidisha kwa hiyo, mara nyingi utakuwa karibu na ukweli. Lakini frasila ilikuwa kipimo cha bandari, na kila bandari ilikuwa na mizani yake. Neno lilisafiri na majahazi likabaki lile lile. Uzito ulibadilika kila lilipotia nanga. Kwa hiyo kabla hujashika kikokotoo, uliza frasila ya wapi, ya bidhaa gani, na ikiwa katika hali gani.

Tuanze na ngazi zenyewe, maana ukizijua hutahitaji jedwali. Katika mpangilio wa Unguja wa karne ya 19, wakia ilikuwa uzito wa dola moja ya fedha ya Maria Theresa, ile ambayo watu wa pwani waliiita reale. Wakia 16 ni ratili. Ratili 3 ni mani. Mani 12 ni frasila. Basi frasila moja ni ratili 36.

Mbona basi vitabu vingi vinasema 35? Chukua kalamu. Reale ile, yenye mwaka 1780 popote ilikopigwa na wakati wowote, ina gramu 28.07. Mara 16 unapata gramu 449, na hiyo ndiyo ratili ya pwani. Ratili ya Kiingereza, ambayo wengine huiita pauni, ni gramu 453.6. Zimepishana kidogo tu, lakini zidisha tofauti hiyo mara 36: frasila ya pwani inatoka kilo 16.17, sawa na ratili za Kiingereza 35 na nusu na kidogo juu. Mwandishi mmoja akaandika 35, mwingine 36, na hakuna aliyesema uongo. Ukikuta vitabu viwili vinapingana hapo, usipoteze siku nzima kutafuta nani kakosea.

Wafanyabiashara wa Kizungu walipenda 35, na ukipiga hesabu utaona raha yake. Tani ya Kiingereza ni ratili 2,240; gawa kwa 35 unapata frasila 64 kamili, bila salio. Mani ya Bombay ilikuwa ratili 28. Mani tano za huko ni frasila nne za huku, kamili pia. Karani aliyepakia karafuu za kwenda Bombay leo na za kwenda London kesho hakuwa na haja ya sehemu. Kwa hiyo waraka wa kampuni ya kigeni, au ripoti ya balozi, tumia 35 bila wasiwasi. Waraka wa wenyeji kwa wenyeji, hasa ule unaotaja mani na ratili pamoja na frasila, jumlisha kwa ngazi zake wenyewe kwanza, ndipo ugeuze kuwa kilo.

Asili ya neno ni Kiarabu: farsala, na wingi wake farasila. Ndiyo maana kamusi zetu zinakubali frasila na farasila pia. Chagua moja ukae nayo. Ndugu zake wana ukoo mrefu zaidi. Wakia ni uncia ya Warumi iliyopita kwenye Kiarabu. Ratili inatokana na litra ya Kigiriki, ambayo upande mwingine wa dunia ikazaa lita tunayopimia maziwa. Kwa hiyo ratili na lita ni ndugu waliopotezana. Mani ni ya kale kuliko wote, inarudi hadi Babeli. Sarufi ya frasila ni nyepesi: frasila moja, frasila kumi, nusu frasila, robo frasila. Usiandike "mafrasila".

Sasa swali la wapi. Ukisoma habari za kahawa ya Mocha, huko Yemeni, frasila ilikuwa kama ratili 30, na frasila 15 zilifanya bahari moja. Bahari hii ni uzito, si maji. Mfasiri mwenye haraka anaweza kuizamisha sentensi nzima hapo. Ethiopia neno bado liko kazini: bei ya kahawa hutajwa kwa feresula, nayo ni kilo 17. Wareno waliokuwa Malabar mwanzoni mwa karne ya 16 walilikuta kule kwenye pilipili manga na tangawizi, wakaliandika farazola, na uzito wake ulikuwa mdogo kuliko wa Unguja. Mtu akichukua kilo 15.9 zetu akazipeleka Malabar au Mocha, anajidanganya kwa mzigo mzima wa meli.

Mtego mkubwa zaidi kuliko frasila ni mani. Mani ya Unguja ni ratili 3. Ya Maskati ilikaribia ratili 9. Ya Bombay, nimeshasema, ratili 28. Ya Bengali, ratili 82 na ushei, zaidi ya kilo 37. Neno ni moja, na watu wote hawa walikuwa wakifanya biashara katika mtaa mmoja wa Mji Mkongwe. Daftari ya Mhindi iliyoandikwa Kigujarati ndani ya Unguja inaweza kutaja mani ya Bombay kwenye ukurasa huu na frasila ya Unguja kwenye ukurasa unaofuata. Ukiona mani, tafuta popote kwenye daftari hiyo pale mani na frasila zinapokutana katika mstari mmoja, kwa mfano mahali mzigo ulipojumlishwa. Mstari huo mmoja utakufungulia daftari yote. Usipoupata, andika "mani" na uiache mani.

Baada ya mahali, bidhaa. Hapa ndipo ninapowaona watu wengi wakiteleza, kwa sababu hesabu inaonekana imekwisha kumbe haijaanza.

Chukua karafuu. Ikitoka mtini ni mbichi, ina maji. Inatolewa kwenye vikonyo, inaanikwa juu ya majamvi, inageuzwa, inaingizwa ndani mvua ikitishia, inatolewa tena. Ikishakauka vizuri, kilo tatu za mbichi zimebaki kama kilo moja. Basi waraka unaosema shamba limetoa frasila 100, ni frasila za nini? Ikiwa ni za kuuza gatini, ni kavu, na nyuma yake kuna frasila 300 zilizobebwa kichwani. Ikiwa ni za malipo ya wachumaji, huenda ni mbichi, na mara nyingi hazitaandikwa kwa frasila kabisa bali kwa pishi, maana mchumaji alipimiwa na kulipwa kwa pishi ya karafuu mbichi. Ukichanganya mbili hizo, shamba la mtu linakuwa kubwa mara tatu kwa kalamu yako. Na makonyo je? Vile vijiti vya karafuu navyo viliuzwa, navyo vilipimwa, lakini kwa bei ya chini sana. Ukikuta bei ya frasila iliyoporomoka ghafla katikati ya ukurasa, kabla hujaandika habari ya anguko la soko angalia kama mstari huo si wa makonyo.

Sandarusi, yaani utomvu mkavu wa miti, ina kisa chake. Ilichimbwa ardhini bara, ikaletwa na udongo wake na ganda lake. Kwa muda mrefu ilisafirishwa ikiwa chafu hadi Salem, Marekani, ndiko ikaoshwa, na ilipooshwa ikapungua uzito. Frasila iliyonunuliwa Unguja na ratili zilizouzwa Salem hazitalingana hata uzidishe vipi. Pembe za ndovu nazo ziliuzwa kwa frasila, lakini bei ilifuata ukubwa wa pembe: frasila ya pembe kubwa chache ilishinda mbali frasila ya kalasha, yaani pembe ndogo. Kwa hiyo mtu akikwambia bei ya frasila ya pembe mwaka fulani, muulize pembe zipi.

Kuna jambo lingine la kuangalia kabla ya kugeuza: hakikisha unachokisoma ni uzito. Nafaka zilikuwa na vipimo vya ujazo: kibaba, ambacho wengi wetu tunakijua kwa methali tu, vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi, na pishi 60 ni jizla. Pishi ya mchele ilikadiriwa ratili 6. Hapo utaona frasila moja inakaribia pishi sita, na jizla inakaribia frasila kumi. Ulinganifu huu unasaidia sana kukagua waraka, lakini ni wa mchele na nafaka zinazofanana nao. Pishi ya karafuu mbichi au ya mbata ni habari nyingine.

Tena ujazo una ujanja wake. Wazee walitofautisha pishi ya mfuto na pishi ya tele. Ya mfuto imefutwa kwa kijiti mdomoni mwa chombo, sawasawa. Ya tele ina kilima juu, imejazwa hadi punje zinaporomoka. Mapatano yalisema ni ipi. Anayenunua alitaka tele, anayeuza alishika kijiti. Kama hati yako inasema "pishi za tele", usiipuuze hiyo "tele" kama pambo la lugha. Ni sehemu ya bei.

Tufanye mfano. Huu nimeutunga, lakini umbo lake ni la kweli. Tuseme hati inasema: "Nimepokea kutoka kwa fulani karafuu frasila 240, kavu, za Pemba, zimepimwa Unguja." Mahali tunapajua: mizani ilikuwa Unguja. Bidhaa tunaijua, na hali tunaijua. Kwa ratili 35, frasila 240 ni kilo 3,810. Kwa ratili 36 za Kiingereza, ni kilo 3,919. Tofauti ni kilo 109, gunia zima na kidogo. Ikiwa unaandika historia ya biashara, tofauti hiyo haikudhuru, andika "karibu tani 3.8" uendelee. Ikiwa unakagua deni ambalo watu bado wanalidai, gunia moja si dogo, na hapo lazima uonyeshe umetumia ratili ngapi.

Njia ya kuandika ninayoipendekeza ni hii: weka kipimo cha zamani kwanza, kama kilivyo, kisha cha leo kwenye mabano pamoja na msingi wako. "Karafuu frasila 240 (kilo 3,810 hivi, kwa frasila ya ratili 35)." Usifute frasila ukabakisha kilo. Akija mwingine mwenye ushahidi bora kuliko wako, ataweza kurudia hesabu. Ukimwachia kilo peke yake umemfungia mlango. Na usiandike kilo 3,810.17. Mizani ya forodhani ya wakati ule haikujua gramu, wewe unazitoa wapi?

Kwa hesabu ya kichwani, frasila ni kilo 16 kasoro kidogo. Frasila kumi ni kilo 160. Tani moja ya leo ni frasila 63. Ukitaka kurudi kutoka kilo kwenda frasila, gawa nusu mara nne: kilo 400 ni 200, ni 100, ni 50, ni 25, basi frasila 25. Kwa mazungumzo barazani hiyo inatosha kabisa.

Pia uwe na kipimo cha akili cha kukagua. Mpagazi wa msafara alibeba kama ratili 70, frasila mbili, nje ya vyakula na vikorokoro vyake mwenyewe. Ukisoma tafsiri inayosema mtu mmoja alibeba frasila tano kutoka Ujiji hadi Bagamoyo, hizo ni kilo 80 za mzigo kwa miezi kadhaa. Ama mfasiri kasoma tarakimu vibaya, ama ni mzigo wa watu wawili na zaidi. Katika hati za herufi za Kiarabu kosa hili ni jepesi, maana tarakimu ٢ na ٣ kwenye mwandiko wa haraka hufanana sana; na nukta iliyo sifuri, ٠, huweza kuwa doa la wino. Kwenye hati yenye bei, jikague kwa kuzidisha: bei ya frasila mara idadi ya frasila lazima ikupe jumla iliyoandikwa chini. Isipotoka, mara nyingi umesoma vibaya tarakimu moja. Kabla hujamlaumu karani, hakikisha tu kwamba bei na jumla ziko kwenye fedha moja. Reale moja ilikuwa na thamani ya zaidi kidogo ya rupia mbili, na kuna hati zinazoanza na reale zikaishia na rupia.

Anayetaka kuona hati kama hizo mwenyewe aende Kilimani, Unguja, kwenye Nyaraka za Taifa za Zanzibar. Chukua penseli, karatasi ya ngazi za vipimo uliyoiandika mwenyewe, na subira. Kwa wazee wa Pemba na Unguja, usiulize "frasila ilikuwa kilo ngapi", maana utajibiwa namba waliyoisikia redioni. Uliza walibebaje, gunia lilijazwa frasila ngapi, nani alisimama kwenye mizani, mawe ya mizani yalikuwa ya nani. Majibu ya maswali hayo hayapo kwenye kamusi.

Kwenye kuandika riwaya au tamthilia ya enzi hizo, frasila ina nafasi yake, lakini itumie kama walivyoitumia. Mchuuzi wa samaki hakutaja frasila. Mama anayenunua mchele wa jioni alisema kibaba. Frasila ilikuwa lugha ya ghala, forodha na wakopeshaji. Sonara alitumia tola, kipimo cha Kihindi cha gramu 11.66, nacho bado kiko hai: Dubai hadi leo zinauzwa pau za dhahabu za tola kumi.

Dukani na shambani leo, liache neno likae kwenye hadithi. Sheria inataka kilo, na mizani iliyokaguliwa. Lakini tabia za zamani zimejificha ndani ya vipimo vipya, na inafaa uzijue usije ukapunjwa. Gunia la mahindi la Kenya ni kilo 90, namba ya ajabu mpaka ukumbuke kwamba lilikuwa gunia la ratili 200. Debe lilikuwa kopo la mafuta ya taa la galoni nne, lita 18 hivi, na ni ujazo, si uzito: debe la mahindi makavu na debe la mahindi yaliyolala mvuani hayakai sawa kwenye mizani. Na lumbesa, lile gunia lililoshonewa kofia juu, ni pishi ya tele isiyokuwa na mapatano. Tanzania inaikataza, na uzito wa gunia la mazao hautakiwi kuzidi kilo 100. Mkulima anayeuzia shambani aombe mizani iletwe, au auze kwa kilo kwenye kituo chenye mizani. Kuhesabu magunia peke yake ni kumwachia mnunuzi ndiye ashike kijiti.

Mahali pekee ambapo kipimo cha kale bado kina hukumu nyumbani kwa wengi ni Zakatul-Fitri, inayotolewa pishi moja ya chakula kwa kila mtu, yaani vibaba vinne. Wengi hutoa kilo mbili na nusu au zaidi kidogo. Ukitaka uhakika, azima chombo cha pishi msikitini, kijaze chakula unachokula nyumbani kwako, kisha kimwage kwenye mizani. Mwaka unaotoa mchele, hiyo ndiyo hesabu ya mchele. Ukibadilisha ukatoa tende au unga, pima upya.